Kaskazi Isiyo na Joto

Kwa watu wa pwani, kaskazi ni upepo wa joto. Huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Jina la upande unakotoka, kaskazini, limezaliwa humo. Ubaridi wao huja na kusi, na kipupwe cha Juni na Julai ndicho kinachotoa masweta makabatini Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu aliyejifunza pande za dunia kwa Kiswahili cha zamani amejifunza kwamba joto linatoka kaskazini.

Huku bara tumeligeuza jambo hilo. Mwambie Mtanzania leo kwamba mtoto wako amepata chuo cha kaskazini, atadhani ni Arusha au Moshi, na atauliza kama umeshamnunulia sweta. Mimi naishi Karatu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Barabara ya kwenda Ngorongoro inapanda kutoka kwetu hadi ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai ukungu hutoka kwenye msitu wa ukingo huo ukashuka mashambani, na kuna siku saa nne asubuhi bado huoni ng'ombe wa jirani, unasikia kengele tu. Wanafunzi wanaoletwa shule za bweni huku kutoka Dar hulala na soksi. Sisi tunawacheka. Tumezoea kujiona watu wa baridi.

Ndiyo maana nilishtuka kidogo swali lilipotoka nyumbani kwetu. Binti wa dada yangu alikubaliwa na vyuo viwili vya Marekani. Kimoja kiko Minnesota, mpakani na Kanada, na kingemlipia kila kitu kwa miaka minne. Kingine kiko jimbo la kusini lenye joto kama la Tanga, nacho kingelipa nusu. Nusu iliyobaki ingelazimu familia iuze shamba la ekari nne, lile ambalo dada yangu analima ngano na mbaazi, na ambalo ndilo lililowasomesha watoto wake wote. Dada alikuwa tayari kuuza. Alikuwa amesikia kwamba huko Minnesota watu huganda, na akasema ni afadhali kukosa shamba kuliko kumkosa mtoto. Binti naye akaniuliza, "Mjomba, sisi si watu wa baridi? Nitashindwa kweli?"

Nafundisha historia sekondari, na sijawahi kuishi kwenye theluji. Nilichokuwa nacho cha kumpa ni historia. Nikaanza kuwafuata, mmoja baada ya mwingine, waliotoka huku kwetu na kwa jirani zetu wakaenda kusoma au kufundisha kaskazini. Nilitaka kujua baridi iliwafanya nini.

Kwanza lakini nilitaka tukubaliane juu ya hilo la kuwa watu wa baridi, maana maneno hayo yanaweza kumdanganya mtoto. Ngozi ya mtu wa Karatu haina tofauti na ya mtu wa Kigamboni. Ukimtoa mzee wa Kiiraqw nje usiku wa Julai bila blanketi, atatetemeka kama mgeni. Kilichotuwezesha kuishi huku ni nyumba.

Wairaqw walioanza kuhamia Karatu kwa wingi katika karne ya 20 walitoka vilima vya Mbulu, kwenye kiini cha nchi yao. Kule wazee wao walikuwa wakikata nyumba ndani ya mteremko wa kilima, nusu yake ikiwa ardhini, paa lake likiwa bapa na limefunikwa udongo. Masimulizi yanasema sababu ilikuwa vita: mvamizi akipita juu ya kilima asione kijiji. Lakini udongo una tabia nyingine, haupoi upesi wala haupati joto upesi. Na ndani ya nyumba hizo walilala pia mifugo, na ng'ombe ni jiko lisilohitaji kuni. Wamasai wa Ngorongoro wanajenga kwa namna yao. Nyumba ya Kimasai hujengwa na mama kwa fito, nyasi, udongo na samadi. Mlango wake hupinda kama gamba la konokono ili upepo usiingie moja kwa moja, madirisha ni matundu tu, moto uko katikati, na ndama wachanga wamelazwa humohumo. Aliyewahi kulala ndani yake kwenye nyanda za juu anajua kwamba nje unaweza kukuta umande umekuwa mweupe kwa baridi, na ndani watu wakavua shuka.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa binti lilikuwa hili: sisi si watu wa baridi, ni watoto wa watu waliojua kuijengea. Na huko uendako nako wanajenga. Ndani ya bweni la Minnesota mwezi Januari, mabomba ya joto huweka chumba kwenye nyuzi 20 au zaidi za sentigredi. Chumba changu Karatu usiku wa Julai hakifiki hapo. Mtoto wa Karatu anaweza kwenda Marekani ya kaskazini akapata, kwa mara ya kwanza, chumba chenye joto katika msimu wa baridi. Nje ndiko kwenye hatari, na nje watu hupita, hawakai. Katikati ya jiji la Minneapolis wamejenga hata njia za vioo juu ya barabara, kutoka jengo hadi jengo, ili mtu atembee mtaa hadi mtaa bila kukutana na upepo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kabla ya wetu kwenda kwao, wao walikuja kwetu, na baridi yetu ilikuwa sehemu ya kilichowavuta. Mnamo Machi 1892, Oscar Baumann kutoka Austria alifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro akiwa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wawili wa Kijerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa wakifuga ndani ya kreta, na mabaki ya nyumba bado yapo. Baadaye Wajerumani wengine walipanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, hapa jirani. Nchi za juu kama hizi zilipendwa na walowezi kwa sababu usiku wake uliwakumbusha kwao. Walichagua huku kwa ajili ya ubaridi. Wetu walipokwenda kule, walikwenda pamoja na kuwepo kwa ubaridi, na mara nyingi hawakuchagua chochote.

Wa mwanzo hawakwenda kama wanafunzi. Walikwenda kama walimu. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za Mashariki, na maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala huku walifundishwa humo Kiswahili na watu walioletwa kutoka Zanzibar na mwambao. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye jina lake limeshikamana na kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900. Mtu aliyezaliwa penye minazi aliishi Ujerumani karibu maisha yake yote yaliyobaki, akafia huko mwaka 1927. Hesabu majira ya baridi aliyoyapita, utakuta yanazidi ishirini.

Je, alibaki kwa kuwa aliipenda theluji? Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 wakapanda meli kuja naye nyumbani. Serikali ya kikoloni ilimzuia asishuke na mke mweupe. Akarudishwa kwenye baridi. Huyu wa kwanza tunayemjua vizuri hakushindwa na majira ya nchi. Aliyeshindana naye, na kumshinda, alikuwa ofisa mwenye muhuri, na alimshindia hapa penye jua.

Nusu karne baadaye akaenda Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu wa St. Mary's, Tabora, alipopata ufadhili, na kati ya 1949 na 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi akapata shahada ya Master of Arts. Edinburgh si mahali pa baridi kali kwa vipimo vya dunia. Januari wastani wake ni nyuzi 4 hivi juu ya sifuri, karibu sawa na usiku mbaya wa ukingo wa Ngorongoro. Tofauti ni kwamba ukingoni jua likichomoza unasahau. Edinburgh jua lenyewe ndilo lililopungua. Na miaka hiyo Uingereza ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita: mgao wa chakula uliendelea hadi 1954, na mgao wa makaa ya mawe, ambayo ndiyo yaliyopasha nyumba joto, hadi 1958. Vyumba vingi vya wanafunzi vilikuwa vya baridi kwa maana ambayo mwanafunzi wa leo hataijua.

Hapo niliona jambo ambalo nadhani Waswahili wenzangu wanaokwenda kaskazini wanapaswa kuambiwa mapema. Saa zetu zinahesabiwa kutoka mapambazuko. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, saa kumi na mbili jua linakwenda kulala. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu tuko karibu na ikweta: Karatu, kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote, tofauti haifiki nusu saa. Sasa ipeleke saa hiyo Edinburgh. Desemba 21 jua huchomoza saa mbili na dakika arobaini na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa tisa na arobaini! Kwetu huo ni wakati wa watoto kutoka shule, na mama bado yuko shambani. Mchana mzima una saa saba tu. Mtu ambaye lugha yake yenyewe imefungwa kwenye jua anafika mahali ambapo jua halitunzi ahadi, na mwili wake unaanza kuuliza ni saa ngapi.

Jambo hilo lina jina la kitabibu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake, Marekani, walieleza ugonjwa wa sonona unaorudi kila msimu wa giza na kuondoka na majira ya kuchipua. Humpata Mzungu aliyezaliwa huko, sembuse mgeni. Dalili zake mgeni kutoka kwetu huwa anazitafsiri vibaya: kulala mno, kutotaka kuonana na watu, kuona masomo hayana maana. Atajiita mvivu, au atadhani nyumbani kuna aliyemfanyia jambo. Tiba zake ni za kawaida: kutoka nje saa za mwanga hata kukiwa na baridi, taa maalumu yenye mwanga mkali asubuhi, mazungumzo na mshauri, na dawa pale inapobidi. Na kwa ngozi nyeusi kuna nyongeza. Mwili hutengeneza vitamini D kwa jua, ngozi yenye weusi mwingi inahitaji jua zaidi kufanya kazi hiyo, na jua la Desemba huko ni dogo mno. Hilo daktari wa chuo anaweza kulipima na kulitibu, ukimwuliza.

Baada ya Nyerere milango ikafunguka kwa kundi. Septemba 1959, Tom Mboya na marafiki zake wa Kimarekani waliwasafirisha kwa ndege wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Fedha zilichangwa na watu wengi, wakiwamo Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata mfuko wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000, na kundi likawa kubwa zaidi, safari hii likiwa na Watanganyika pia. Hadi 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo walikuwa karibu 800.

Hakuna aliyewapa hao ramani ya hali ya hewa wachague. Alikwenda kila mmoja palipokuwa na chuo kilichomkubali. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliondoka na kundi la 1960 akapelekwa Atchison, mji mdogo wa Kansas ambako Januari huganda, akamaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1964. Alikuwa na mwenzake Mkenya chuoni hapo. Najua hilo linaonekana dogo, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoliona likikua. Ukiwa wawili, kuna mtu wa kumwambia kwa lugha yako kwamba leo ni baridi. Ukiwa peke yako, unaibeba mwenyewe.

Wengine walikwenda mashariki ya kaskazini. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua Moscow chuo kikuu cha urafiki wa mataifa, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Kwa upande wa mavazi, walijipanga: mwanafunzi wa Kiafrika alipofika alipewa posho ya kununulia nguo za baridi. Koti halikuwa tatizo. Lakini Desemba 1963 maiti ya mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana, Edmund Assare-Addo, ilikutwa kandokando ya barabara nje kidogo ya Moscow. Wakuu wa Kisovieti walisema aliganda kwa baridi akiwa amelewa. Wenzake walisema aliuawa kwa sababu alitaka kumwoa msichana wa Kirusi. Desemba 18 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu, jambo ambalo mji ule ulikuwa haujaliona kwa miaka mingi.

Binti aliponisikiliza hapo alinyamaza muda mrefu. Nikamwambia sikukutajia hili nikutishe. Nimelitaja kwa sababu katika habari zote nilizosoma, hapo ndipo baridi inapotajwa rasmi kuwa imeua mwanafunzi, na hapohapo ndipo wanafunzi wenyewe walipokataa kwamba ni baridi. Walikuwa wakisema: msitutazamishe kwenye theluji, tazameni watu.

Na wa kwetu kabisa? Yupo Tepilit Ole Saitoti, Mmasai aliyezaliwa mwaka 1949 akakulia upande huu wa Ngorongoro na Serengeti. Alifanya kazi katika Hifadhi ya Serengeti, akaonekana katika filamu ya National Geographic, kisha akaenda Marekani kusoma: kwanza Boston katika Emerson College, baadaye Chuo Kikuu cha Michigan, mahali ambapo Januari wastani wake uko chini ya sifuri. Akaandika vitabu kwa Kiingereza, kimoja mwaka 1980 pamoja na mpiga picha Carol Beckwith, kingine cha maisha yake mwenyewe mwaka 1986. Akarudi kwenye mambo ya hifadhi. Mtoto aliyelala karibu na ndama akiwa amejifunika shuka alikwenda Michigan, akasoma, akarudi. Kwa binti wa Karatu, mfano huo una uzito kuliko ule wa rais.

Lakini ushahidi ulionimaliza haukutoka kwenye vyuo. Ulitoka Minnesota kwenyewe. Jimbo hilo, ambalo usiku wa Januari hushuka kwa kawaida chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri na kuna siku hufika 30 chini yake, ndilo lenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani. Walianza kufika miaka ya 1990 wakikimbia vita. Watu wa Mogadishu, mji ambao haujui sweta! Marekani ina majimbo ya joto hadi ya jangwa, na wangeweza kuhamia huko. Wengi walianzia majimbo mengine, wakahamia Minnesota kwa hiari yao. Kulikuwa na mashirika ya kupokea wakimbizi, kulikuwa na kazi katika viwanda vya nyama, na baada ya hapo kulikuwa na Wasomali wengine: shangazi, msikiti, duka la nyama halali, mtu wa kukuonyesha basi. Watu huvuta watu. Mtu huhama kwenye joto akaenda kwenye baridi, kama kwenye baridi kuna ndugu.

Hapo ndipo nilipoona jibu la swali la binti, na si lile alilouliza. Aliuliza kama ataweza nyuzi 20 chini ya sifuri. Koti, viatu na glavu zinaweza. Swali la kuuliza chuo ni lile ambalo mama wa Kimasai angeuliza kuhusu nyumba: moto uko wapi, na nani amekaa kuuzunguka?

Tukakaa mezani, yeye, mama yake na mimi, tukaandika maswali. Je, mabweni hufungwa wakati wa likizo ya Krismasi, maana vyuo vingi vya Marekani hufunga, na mtoto wa Karatu hawezi kurudi nyumbani kwa wiki tatu? Anayebaki anakula wapi? Kutoka kitandani hadi darasani ni dakika ngapi kwa miguu? Fedha za nguo za baridi zimo kwenye ufadhili, au mtoto atafika Agosti akiwa na kandambili na kugundua Novemba kwamba posho imekwisha? Wanafunzi wa Afrika Mashariki wako wangapi, na tunaweza kuongea na mmoja? Bima inalipia mshauri wa masuala ya akili? Dada akaongeza la kwake, ambalo mimi nisingelifikiria: je, mtoto akiugua usiku, nani anajua jina lake?

Tuliwauliza wote wawili. Chuo cha kusini kilijibu kwa barua nzuri ambayo ingeweza kuandikwa kwa mtu yeyote. Cha Minnesota kilijibu swali kwa swali. Bweni moja huachwa wazi likizo nzima. Kuna familia za mjini zinazokaribisha wageni Krismasi. Kuna chumba ambacho wanaohitimu huacha makoti na viatu vyao, na wageni wapya huchagua bure mwezi wa Oktoba. Akaunganishwa na msichana wa mwaka wa tatu kutoka Iringa, ambaye jambo la kwanza alilomwambia lilikuwa kuhusu vipimo: Wamarekani hutumia Fahrenheit, kwa hiyo ukisikia redioni "32" usifurahi, hapo ndipo maji yanapoanza kuganda. La pili lilikuwa kwamba usishangae kukutana na neno la Kiswahili huko. Walutheri wa eneo la Saint Paul wana ushirika wa miaka mingi na wenzao wa Iringa, nao wanauita Bega kwa Bega, hivyohivyo, bila kutafsiri.

Dada hakushawishika kwa siku moja. Kilichomgusa ni hesabu. Aliona kwamba baridi ni gharama inayolipwa miezi mitano kwa mwaka, na inajulikana: koti, viatu, taa, vidonge, muda wa simu. Shamba ukiliuza limekwenda, na halirudi majira ya kuchipua. Halafu chuo cha joto chenye nusu ya ada nacho kina baridi yake, ile ya mwanafunzi anayefanya kazi usiku akiogopa kwamba muhula ujao hautalipika, huku mama yake akiwa hana tena pa kulima. Hiyo haina koti.

Siku ya mnada tulikwenda Karatu mjini. Kwenye mitumba kulikuwa na makoti mazito yamening'inizwa, yale yenye manyoya kwenye kofia, ambayo hapa hununuliwa na walinzi wa usiku na vijana wa pikipiki. Yametoka kulekule, yamevaliwa na watu wa theluji, yakafungwa kwenye robota, yakavuka bahari. Dada alilipapasa moja kwa muda, akasoma kitambulisho cha ndani asichokielewa, akabishana bei hadi muuzaji akacheka. Binti alisema, "Mama, huko nitapewa la bure." Mama yake akamjibu kwamba la bure atapewa Oktoba, na yeye hataki mtoto wake apigwe na upepo wa Septemba.

Aliondoka Agosti. Shamba lipo, na msimu huu limepandwa mbaazi. Kabla hajaondoka walikubaliana saa ya simu, na safari hii binti ndiye aliyepiga hesabu. Majira ya baridi, saa tatu usiku Karatu ni saa sita mchana Minnesota. Hapo mama amemaliza kazi, ameota moto, na huko jua liko juu kadiri liwezavyo kupanda. Sharti la mama ni moja: wakiongea, mtoto awe nje anatembea juani, hata kama ni dakika kumi, na amweleze anaona nini.

Kwa hiyo siku hizi, saa tatu usiku, dada yangu ameweka simu kwenye spika, na kutoka ndani ya simu sisi sote tunasikia viatu vikikanyaga kitu kinacholia kama mahindi makavu.